Barabara Yetu ya Kuteta

Haya watu wangu, sogezeni viti, na wewe wa simu weka chini, kwa sababu hii maneno nasema mara moja tu. Nikisema mara mbili nitalia, na mimi nikilia Kileleshwa yote inafurika.

Mimi na mama watoto hatujawahi gombana ndani ya nyumba. Si ati sisi ni malaika. Tunaishi chumba kimoja nyuma ya maghorofa, na hizo kuta ni nyembamba hadi jirani akipiga chafya, mimi ndio napangusa pua. Kwa hivyo tulijiwekea sheria. Maneno ya wiki yote inawekwa mpaka Jumapili. Tukitoka kanisa natoa ile teksi yangu, inanishinda miaka, tunaenda ile barabara ya kushuka bondeni. Kushuka ni zamu yake ya kuteta, mimi nanyamaza. Chini tunakula mahindi choma, hakuna kuongea. Kupanda ni zamu yangu.

Na kupanda ndio nilikuwa mfalme! Hiyo kilima na hiyo gari ilikuwa inachukua kama wiki mbili. Bonde yote iko wazi hapo kando, mashamba madogo kama viraka vya suruali, na mimi napiga domo tu. Miaka ishirini na kitu, hasira ya huyo mama haijawahi fika juu. Inaishiwa na pumzi kwa kona ya tatu, anaanza kucheka.

Halafu ikaja hiyo mvua. Ilinyesha hadi samaki wakaomba mwavuli. Huko tao, katikati ya jiji, nilibeba mteja mgongoni kutoka mlango wa benki mpaka kwa gari, na gari yenyewe ilikuwa inaelea. Hiyo wiki nikiinama kutafuta kiatu, nikapata begi ya mama watoto chini ya kitanda. Imejaa. Nguo zake zote, na ile sufuria kubwa ya mandazi.

Sasa niambieni, nani hubeba sufuria akienda kutembea siku mbili?

Akaniona nimeishika. Akasema, "Jumapili, baba watoto. Nitakuambia Jumapili."

Nikasema sawa. Aseme yote, bora nipate kupanda kwangu.

Jumapili tukaanza kushuka. Akaongea polepole, hiyo ndio ilinitisha. Ati dada yake huko Nakuru ako na duka na ako peke yake. Ati mimi naahidi kitu kila mwaka na... Hapo kwa kona nikakanyaga breki. Mapipa ya kufunga njia, mawe, na afande mmoja amejikunja kwa koti ya mvua. Mbele yake hakuna barabara! Mlima imeteremka na miti yake, ikabeba lami ikaenda nayo. Nikaiona huko chini, na mistari yake nyeupe bado, kama inangoja magari.

"Mzee, geuza," afande akasema.

"Itafunguliwa lini?"

"Hii? Wacha kwanza mlima imalize kuanguka."

Nikageuza, nikafungua mdomo haraka. "Mama, sasa zamu yangu."

"Zamu gani? Hatujafika chini. Sijamaliza."

"Lakini gari inaangalia juu!"

"Imegeuzwa na polisi. Mahindi nimekula wapi?"

Akanyamaza mpaka nyumbani. Mimi pia, si sheria ni sheria.

Nikajaribu vilima zingine. Nikampeleka Upper Hill, kwa zile hospitali, kilima ikaisha kabla nimeze mate. Akaniambia, "Hii si kilima, hii ni ngazi ya hospitali." Kwa hivyo kila Jumapili tulikuwa tunarudi kwa yale mapipa kuangalia. Leo tingatinga inasukuma udongo, wiki ijayo mvua inarudisha na ya juu. Begi iko tu chini ya kitanda. Na wacha niwaambie ukweli: nilianza kuombea hiyo mlima iendelee kuanguka. Barabara ikifungwa, hawezi maliza. Asipomaliza, hawezi enda.

Jumapili ya mwisho, afande hayuko. Tingatinga imeenda. Nyasi imeanza kumea juu ya ule udongo, mtu wa boda amelala juu ya pikipiki yake hapo kando. Mimi nikachangamka. "Mama, tungoje tu. Mwaka ujao hivi watafungua."

 Akashuka, akafungua buti ya gari, akatoa ile begi. Sufuria ikalia ndani kama kengele ya shule. Mimi sikuwa najua ameiweka huko. Akaamsha yule wa boda ampeleke kwa barabara kubwa ya juu, apate gari ya Nakuru. Akapanda, akaangalia pale barabara ilikatika, akaniangalia mimi, akaanza kucheka, ile kicheko yake ya kona ya tatu.

"Baba watoto," akasema, "miaka yote nikidhani kukuacha ni kazi ngumu, kumbe hata barabara imeweza!"