Mwanangu Alisoma Khanga ya Bibi Yake kwa Sauti

Admin, jina langu lifiche na picha usiweke kabisa. Chuno yetu hapa Mtwara ni ndogo na mawifi zangu wote wana simu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike yuko darasa la pili, hapa nitamwita Zai. Mume wangu anaendesha foklifti bandarini, mimi nakaanga maandazi nauza barazani. Shule niliishia darasa la saba kijijini kwetu huko Newala, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Ndiyo maana habari nyingi nazijua nusu.

Tunaishi na mama mkwe, mtu wa Mikindani. Hajawahi kunitukana, hilo lazima niliseme. Yeye ananivalia khanga. Wanawake mmeshanielewa, ila kwa wanaume wanaosoma hapa: khanga ina maneno, na mtu anaweza kukuvalia yale asiyotaka kukutamkia. Wewe unayaona, unanyamaza, unaendelea kuosha vyombo. Ukiyasoma kwa sauti au ukimuuliza, basi umeyapokea na ugomvi ni wako. Naye atakwambia hajui kusoma, alipenda maua. Mama mkwe kweli hajasoma shule. Lakini kwa mtu asiyejua herufi ana bahati sana dukani, maana tangu niolewe hajakosea hata siku moja akanunua yenye kunisifu.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka mwalimu wa Zai aliniita. Akanifungulia kitabu, akamwambia Zai asome, mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikaanza kufurahi. Mwalimu akafungua ukurasa mwingine, Zai akausoma ule ule wa kwanza.

"Mama Zai, huyu amekariri wenzake wanavyoitikia," akasema. "Kaa naye nyumbani. Msome chochote chenye herufi, hata kama ni kidogo, lakini kila siku."

Vitabu nyumbani hatuna. Tukaanza na paketi ya sabuni, mfuko wa unga, kopo la dawa ya mbu. Nikikanda maandazi yeye ananisomea gazeti, akikwama namwacha ahangaike kwanza, kisha namsaidia. Vilipoisha tukahamia kwenye kamba ya nguo. Khanga ni nzuri kwa mtoto, jamani. Herufi kubwa, sentensi fupi, inaisha kabla hajachoka. Nilimfundishia zangu tu. Za bibi yake sikuzigusa, mimi si mjinga. Nilichosahau ni kwamba mtoto akishajua kusoma, macho yake huyachagulii tena.

Siku ya dua ya marehemu baba mkwe walikuja wanawake wengi, uani pakajaa mikeka. Mama mkwe alivaa khanga mpya, nyekundu, maneno yamemkaa mgongoni. Zai alikuwa amesimama nyuma yake. Nikamwona anaweka kidole. Nilikuwa na birika la chai mkononi, nikajua kabisa kinachokuja, wala sikusogea.

"Nyu-mba ni ya mwa-na-ngu, we-we m-pi-ta nji-a."

Bibi mmoja wa jirani akasema, "Mashaallah, mtoto kajua kusoma." Halafu na yeye yakamwingia.

Zai akafurahi kwa kusifiwa, akauliza, "Bibi, mpita njia ni nani?"

Wote waliangalia chai yao, kisha wakaniangalia mimi niliyewamiminia.

"Kafundishwa huyo," wifi yangu mkubwa akasema.

"Mimi nimesoma wapi, wanangu?" mama mkwe akasema taratibu. "Nilipenda maua."

"Maua yenyewe hayapo, bi mkubwa, hiyo ina miraba," yule jirani akamjibu. Wengine walicheka kwa kuficha midomo. Nadhani kile kicheko ndicho kilichoniponza, si ile khanga.

Mume wangu alinikuta jikoni. "Ulimfundisha?"

"Nilimfundisha kusoma."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Mama mkwe alifunga nguo zake akaenda kwa wifi mkubwa, Mikindani. Masharti yake yameshafika: niende kumwomba radhi mbele ya wanawake wale wale, na Zai asimame aseme kwamba alikosea, kwamba maneno yale hayapo, aliyatunga. Kuomba radhi naweza, nimeshaomba kwa makosa nisiyoyajua, sembuse hili. Ninapokwama ni hapo kwa Zai. Mume wangu anasema, "Ni maneno tu, mama yangu atakufa na kinyongo kwa ajili ya maneno?" Nami najiuliza, kama ni maneno tu, si yeye asimame ayaseme.

Zai mwenyewe ameshabadilika. Juzi nilimpa mfuko wa unga anisomee kama kawaida. Akauangalia, akaniangalia, akasema, "Mama, hapa hapajaandikwa kitu." Mfuko umejaa maandishi pande zote. Sikumgombeza, sikulia, niliendelea kukanda. Siku hizi nakanda tu. Watu wakiniuliza habari nasema nzuri, na kweli moyoni sisikii chochote.

Ijumaa baada ya sala tunatakiwa Mikindani. Nisipompeleka mtoto, mume wangu amesema nisirudi nyumbani kwake, na mtoto atabaki kwao. Nikimpeleka, nitakuwa nimemshika mkono mwenyewe kwenda kuwaambia watu kwamba hajui kusoma, wakati ndiyo kwanza amejua.

Mliowahi kukaa na wakwe naomba mnijibu, hata walimu kama mpo humu. Msiniambie nivumilie, hilo naliweza. Niambieni tu Ijumaa nimwambie nini Zai tukiwa njiani.