Fomu Namba Saba

Kwa miaka ishirini na sita Mama Chupa aliosha chupa za maabara ya shule, na shukrani aliyoondoka nayo ni hilo jina. Walimu walikuwa wakichungulia dirishani, "Mama Chupa, tindikali iko wapi?" naye anawapa ikiwa imeshapimwa na kuchanganywa. Siku ya kustaafu walimkatia keki, wakakosea hesabu ya vipande. Aliyekosa ni yeye.

Mwingine angekaa nyumbani akalea uchungu. Yeye alifunga kwenye kitambaa mshumaa, sahani na bilauri, akaenda hospitali kuwafundisha sayansi watoto waliokaa foleni ya sindano. Baadaye akagundua kuwa hayuko peke yake katika kazi hiyo. Kulikuwa na mwongozaji wa makumbusho, pande la mtu waliyemwita Bwana Mifupa, aliyewahesabisha watoto mbavu za wanyama. Kulikuwa na mkutubi aliyewaonyesha nyota, na fundi wa mitambo ya maji aliyewatembeza kwenye matangi. Kila mmoja alikuwa na lake, hakuna aliyemjua mwenziwe. Mama Chupa aliwafuata mmoja mmoja mpaka akawakalisha pamoja, chumba cha nyuma cha maktaba, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Ufunguo wa chumba akakabidhiwa yeye. Alipanga viti, akachemsha chai, akaweka sheria.

Na sheria zake zilikuwa kali, tusimpunguzie. Kila mkutano mtu mmoja alieleza jaribio lake na wengine wakalichambua mpaka libaki mifupa mitupu. Kujitetea marufuku. Kumwambia mtu pole marufuku pia. "Tuko kazini hapa, hatuko msibani," alikuwa akisema, na wapo waliolia chooni kisha wakarudi wakanywa chai. Jaribio lake yeye, mwenyekiti, halikuwahi kuwekwa mezani.

Mwaka wa kumi na moja walikuwa watu thelathini, wakaamua kuwa chama cha kitaaluma chenye vyeti, ili hospitali na shule ziache kuwaona wachekeshaji. Masharti aliyaandika Mama Chupa kwa mkono wake. Kila mtu ataomba upya. Jina litazibwa kwa karatasi, sehemu ya kazi haitatajwa, wapimaji watano watasikiliza tu jaribio na maelezo yake. Atakayekataliwa atatoka chumbani saa hiyo hiyo. "Hata mimi nitaomba," akasema, wakampigia makofi. Moyoni alikuwa na uhakika watamtambua kwa maneno yake. Nani asiyemjua Mama Chupa? Kichwa kilikuwa kimeshavimba kidogo, na hakukuwa na wa kukipasua.

Fomu yake ilichapwa na binti wa kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka sita na kumsomesha mpaka akarudi na shahada ya fizikia. Binti aliichapa kwenye meza ya jikoni, kimya, akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Yeye alikuwa mmoja wa wale wapimaji watano.

Jumamosi ikafika, zamu ya fomu tisa za mwanzo. Wapimaji walikaa upande mmoja wa meza, Bwana Mifupa na mkutubi miongoni mwao, na Mama Chupa, kama mwenyekiti, akasimama kusoma. Fomu sita zilipita. Ya saba alipoifungua aliyajua maneno yake, akajikaza, akasoma kwa sauti ile ile.

"Nawasha mshumaa ndani ya sahani ya maji, naufunika kwa bilauri. Mshumaa unazimika, maji yanapanda. Nawaeleza watoto kuwa moto umekula oksijeni, na maji yameingia kuchukua nafasi yake."

Bwana Mifupa alicheka mpaka kiti kikalia. "Bado wapo watu wa hivi? Nilidhani hilo tulishalizika!"

"Kosa la vitabu vya zamani," mkutubi akasema. "Amekariri tu huyo, hajawahi kujiuliza."

Mama Chupa akaangalia karatasi. Alitaka kuuliza kosa liko wapi, lakini msomaji haruhusiwi kuuliza. Sheria yake.

Binti wa kaka yake akajibu kana kwamba ameulizwa. "Maji hayapandi mshumaa ukiwa unawaka. Yanapanda ukishazimika. Moto unaipasha hewa inatanuka, nyingine inatoka kwa mapovu. Ukizimika, iliyobaki inapoa inasinyaa, maji yanavutwa juu. Anayefanya jaribio hili kila wiki na hajaliona hilo, haangalii."

"Na watoto wangapi ameshawapotosha?" Bwana Mifupa akasema. "Mimi nasema mtu huyu asikaribie watoto."

Wakapiga kura. Mkono wa kwanza kupanda kukataa ulikuwa wa binti. Mingine minne ikafuata.

"Fungua jina," mkutubi akasema. Mama Chupa akabandua karatasi kwa ukucha, taratibu, akasoma jina lake lote, lile la kwenye vyeti ambalo hakuna aliyewahi kumwita. Ilichukua muda mpaka wakaelewa. Bwana Mifupa akafumbua mdomo, na ilionekana wazi neno lililomjia ni pole. Akalimeza. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

Zilibaki fomu mbili. Mama Chupa aliziweka mbele ya binti, akachukua mkoba, akatoka. Alipofika korido alisikia sauti ya binti ikisoma namba nane, bila kutetemeka, vile vile alivyomfundisha.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Aliweka sahani mezani, akamimina maji, akawasha mshumaa, akaufunika kwa bilauri. Mapovu mawili matatu yalichungulia ukingoni. Maji yalitulia. Mshumaa ukafa, na hapo ndipo yakapanda, haraka, mbele ya macho yake. Akarudia mara nne. Miaka kumi na moja alikuwa akifika hapo anainua uso kuwatazama watoto wanavyoshangaa, kwa sababu aliupenda mshangao ule kuliko kitu chochote duniani, na maji yalikuwa yakipanda bila yeye kuyaona.

Binti alirudi saa kumi na moja. Aliiona sahani, akabaki amesimama.

"Uliliona kosa ulipokuwa unachapa?"

"Niliona, Shangazi."

"Ukanyamaza."

"Ulisema mwombaji hasaidiwi." Akaigusa sahani. "Shangazi, kule hospitali ulinipeleka nikiwa darasa la tano. Nililisema jibu hilo hilo chuoni, mbele ya darasa zima. Walicheka wiki nzima."

Mama Chupa alitaka kusema pole. Neno lilikuwepo, lakini alikuwa amekaa muda mrefu mno bila kulitumia.

"Wamenichagua mwenyekiti," binti akasema, akanyoosha mkono. "Wameniagiza nichukue ufunguo."

Akampa.