Tundu kwenye marekani

Nikipita karibu na makumbusho yale siku hizi mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Mwanangu nilimpeleka mwenyewe. Ana miaka sita na mkono wa kuchora. Ukuta wangu wa uani umejaa kuku na pikipiki alizochora kwa mkaa. Kikundi cha akina mama wanaosuka ukili wa mikeka, ambacho mwenyekiti wake ni mama mkwe wangu, kilialikwa kutengeneza kazi ya sanaa ya pamoja, na watoto waje. Nikasema haya, mtoto akashike rangi za maana.

Kazi yenyewe ilitokana na mchoro mkubwa ulioko ukumbini: watu wamefungwa mnyororo shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wanateremshwa pwani kutoka bara. Nyuso hawana. Mwalimu wa sanaa, kijana wa Dar, mpole, ananukia, akatuambia tutawarudishia watu wale miili. Watoto watalala juu ya kitambaa, yeye atawazungushia mkaa kupata maumbo yao, kisha sisi tutasuka mnyororo wa ukili na kuushonea kwenye shingo za maumbo hayo.

Akina mama wakaanza kusuka huku wanaimba, wanataniana nani ana mkono mzito. Mnyororo ukatoka mzuri, mweusi, umebana sawasawa. Uzuri ule ndio ulioanza kunichefua.

Mwalimu akatandika kitambaa. Marekani nyeupe, mpya, pana. Nyimbo zikakatika. Kwetu anayelazwa juu ya marekani nyeupe ni mtu aliyekwisha kuoshwa, anasubiri kusaliwa. Kila mama akamvuta mtoto wake. Mmoja akasema wake ana mafua, mwingine akakumbuka ameacha chungu jikoni. Lakini kumweleza yule kijana, hakuna. Mgeni asiaibishwe. Akabaki na mkaa wake mkononi, anatabasamu.

Mama mkwe akaona kikundi chake kinaumbuka. Akamshika mwanangu bega.

"Mlaze huyu," akasema.

"Mama, huyu mjukuu wako."

"Nani kakataa? Lakini damu ya Ubena hiyo. Kwa mama yake mnyororo si mgeni."

Akina mama wakacheka, kicheko kile cha puani. Nimeolewa nyumba yenye mlango wa nakshi, na tangu siku ya kwanza nimefahamishwa, bila neno kutamkwa, kwamba mimi ni wa bara, na mtu wa bara alifikaje pwani wote wanajua. Siku hiyo likatamkwa, mbele ya mtoto wangu.

Mtoto alikwisha kujilaza, anafurahi, mkaa unamtekenya mbavuni. Alipokwisha kuchorwa, mama mkwe akataka kupima urefu wa mnyororo. Akamvisha shingoni. Mwanangu akakaa kitako, akaushika kwa vidole viwili, akaniuliza, "Mama, nimependeza?"

Nikamvua, nikachukua mkasi wa kupunguzia ukili, nikalikata umbo lake lote kutoka kwenye kitambaa, kuanzia kichwani mpaka nyayo. Mama mkwe akasema namvunjia heshima. Nilimjibu maneno ambayo mke wa mtu hamjibu mama mkwe wake, na hata sasa hayajanikaa vibaya mdomoni. Mume wangu anataka nikaombe radhi. Sitaki.

Baadaye nikasikia kazi imetundikwa, nikaenda kuiona. Kwenye nafasi zilizobaki waliwalaza watoto wa shule fulani, ambao mama zao hawakuwepo kuwavuta. Mnyororo umeshonwa vizuri, shingo hadi shingo. Na mbele kabisa, tundu langu. Hawakuliziba. Mtembeza wageni alikuwa anaeleza, kwa sauti ya msibani, kwamba tundu lile limeachwa makusudi kwa ajili ya waliofia njiani. Mama mmoja mgeni akafuta machozi, kisha akapiga picha. Pembeni, mama mkwe wangu anaitikia kwa kichwa, kama aliyelibuni yeye.

Nilitoka bila kuaga. Huyo aliyefia njiani yuko chumbani kwangu, nimempigilia misumari ukutani juu ya kitanda cha mwanangu. Mtoto amemchora macho, meno, na hereni kubwa za harusini. Mama mkwe hajakanyaga chumba kile tangu siku hiyo, na asikanyage.