Sanduku la Umeme la Mzee Waya

Mashine ya oksijeni ililetwa nyumbani Jumatatu asubuhi, na kabla mgonjwa hajavuta hata pumzi kumi za raha, umeme ukakatika.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa kazi yake ya ushonaji, hakushtuka sana. Alipanda kwenye kiti koridoni, akafikia kibao cha mbao chenye fyuzi nne za kauri, akachomoa ya tatu na kuifunga uzi mpya wa shaba. Mashine ikanguruma tena. Dakika tano baadaye ikazimika, safari hii pamoja na harufu ya plastiki inayoungua.

"Usiirudishe," mumewe akasema kutoka chumbani, maneno yakimtoka moja moja. "Utachoma nyumba. Sanduku limechoka, mama. Limechoka kama mimi."

Maneno hayo yalimkata maini mkewe kuliko harufu ile ya moto. Mzee Waya alikuwa fundi umeme kwa miaka thelathini na mmoja. Shule, zahanati, kiwanda cha mikate na nyumba zisizo na idadi zilikuwa zimepita mkononi mwake. Lakini kwake kulibaki kibao kile kile alichokipigilia ukutani mwaka waliooana, wakati nyumba ilikuwa na taa mbili na redio. Baadaye zikaja jokofu, pasi, televisheni na cherehani kubwa ya umeme, na kila mwaka alisema, "Mwezi ujao nabadilisha." Mara mbili alinunua sanduku jipya, na mara zote mbili likatoka nyumbani: la kwanza lilikwenda kwa mjane aliyeunguliwa na paa, la pili kwa kituo cha watoto kilichokuwa kimekaa gizani wiki nzima. Watu walimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Naye alicheka nao.

Kilichomlaza kitandani ni kazi hiyo hiyo. Alichimba kuta maisha yake yote bila kufunika pua, na mkewe akimsihi ajifunge kitambaa, alijibu kwamba yeye hakwenda kuiba benki. Sasa daktari alisema mapafu yamejaa makovu ya vumbi na hayatarudi yalivyokuwa. Hospitali ilikubali kumwazima mashine akaugulie kwake, mradi nyumba iwe na umeme wa kutosha. Mama Pindo akaitikia papo hapo kwamba upo. Mke wa fundi umeme angejibu nini kingine?

Ikabidi mgonjwa avute mtungi wa oksijeni, na binti yao akawa anakodi gari kila baada ya siku mbili kwenda kuubadilisha. Mtungi ulikula fedha kama moto unavyokula nyasi. Palihitajika fundi, tena mwenye leseni, na pale jirani fundi wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: Kifaru.

"Kifaru?" Mzee Waya alijaribu kujiinua. "Yule akichimba tundu la swichi mbuzi anapita? Aiguse nyumba yangu?"

"Basi amka uifanye wewe," mkewe akasema, na maneno yalipomtoka akatamani kuyameza. Mzee Waya aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Mwite."

Kifaru alikuja kesho yake, mwanaume mnene mwenye viatu vilivyopauka kwa saruji. Alimulika kibao kwa tochi, akapanda darini, akazunguka nyuma ya nyumba ilipokuwa mita. Kisha akaketi jikoni na kuandika kwenye karatasi, huku Mama Pindo akimtazama mkono.

"Shemeji," akasema, "sitaki kukudanganya."

"Sanduku ni bei gani?"

"Sanduku ndilo rahisi kuliko vyote." Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Waya unaotoka kwenye mita ni mwembamba, sanduku kubwa lingeuchoma, kwa hiyo sharti ubadilishwe. Nyumba haina waya wa ardhini wa kukinga watu na shoti, kwa hiyo ichimbiwe nondo ya shaba. Waya za jikoni na chumba cha mgonjwa zimekakamaa, ukizikunja zinavunjika kama tambi. Halafu kibali, halafu ada ya mkaguzi, halafu mita yenyewe.

Mama Pindo alitazama jumla chini ya karatasi. Alikuwa amejiandaa kununua sanduku. Hapa aliambiwa anunue nusu ya nyumba.

"Na kazi yako? Sijaiona humu."

"Mimi ya kwangu tutaongea," Kifaru akasema, akijifuta jasho. "Mzee huyu amenitukana miaka kumi na tano. Nikimtoza, atasema nalipiza."

Nyumba ile haikuwa na kitu cha thamani hiyo isipokuwa cherehani. Ilikuwa mashine nzito, ya kushona jinzi na turubai, aliyoinunua kwa jasho la miaka sita. Alhamisi mchana, mumewe akiwa usingizini, Mama Pindo aliita mkokoteni, akatandika blanketi magurudumu yasigonge kizingiti, na mashine ikatoka kimya kimya hadi dukani kwa Madamu, mshonaji mwenzake wa barabara ya sokoni. Madamu hakubishana bei. Alizihesabu fedha, akampa azihakiki mara mbili, akasema, "Pole, dada." Mama Pindo alirudi kwa miguu. Njiani alinunua ndizi mbili ili awe na sababu ya kutoka.

"Mbona leo husikiki?" mumewe akamuuliza jioni.

"Cherehani imekwenda kwa fundi. Mkanda umekatika."

"Aa." Alifumba macho. Siku zilizofuata hakuuliza tena.

Kazi ilianza Jumamosi. Kifaru, bila kuombwa, alimbeba Mzee Waya pamoja na kiti chake na mtungi wake, akamweka kwenye mlango wa sebule, mbali na vumbi lakini penye kuona koridoni. Kabla ya kugusa patasi alilowesha ukuta kwa maji.

"Siku hizi unalowesha?" Mzee akauliza.

"Tangu nilipokuja kukuona hospitali."

Kifaru akainua patasi. Kisha Mzee akaanza kukosoa. Patasi umeishika kama mwiko. Bomba hilo limepinda. Huo mweusi unaupeleka wapi? Kifaru aliitikia, "Ndiyo mzee, ndiyo mzee." Saa sita Mama Pindo alipita na chai akamwona ameunga waya wa jikoni mahali ambapo hata yeye, mshona nguo, alijua si pake.

"We Kifaru!" Mzee akafoka, na kikohozi kikamshika. Alipotulia, macho yake yalikuwa yanang'aa. "Huo ni wa jiko. Utaunganisha jiko na taa za choo?"

"Lo! Bila wewe ningeaibika," Kifaru akasema, akaufungua.

Mama Pindo alisimama na trei mkononi. Alimtazama Kifaru, lakini Kifaru hakumtazama. Hakumuuliza siku ile, wala baadaye, kama lile lilikuwa kosa la kweli.

Sanduku jipya lilifungwa Jumapili mchana, jeupe, lenye swichi kumi zinazojikata zenyewe hatari ikitokea. Lakini umeme haukuwashwa, maana sharti mkaguzi aipitishe kazi kwanza. Mkaguzi aliahidi Jumatano, akasema gari limeharibika. Akaahidi Ijumaa, akasema fomu imekosewa tarehe. Siku tisa nyumba ilikaa bila umeme, na siku tisa mtungi ulibadilishwa, mpaka fedha iliyobaki ya cherehani ikaisha na binti akauza simu yake. Katika siku hizo Mzee Waya alipungua kiasi kwamba pete ilimvuka kidoleni yenyewe. Siku ya kumi mkaguzi alikuja, akatazama kwa robo saa, akapiga muhuri, akasifu kazi na kuondoka.

Mashine ya oksijeni ikawashwa, na feni, na jokofu, vyote kwa pamoja. Hakuna kilichotetereka. Mzee Waya alisikiliza kama mtu asikilizaye hatua za mgeni mlangoni.

"Cherehani umeiuza kwa nani?" akauliza.

Mama Pindo alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kama kitabu. "Kwa Madamu."

"Alikupa bei nzuri?"

"Nzuri."

"Miaka yote hiyo nilikuwa nasema mwezi ujao." Alivuta pumzi ya mashine. "Nisamehe, mke wangu. Ningelibadilisha sanduku nikiwa na nguvu, ungekuwa na chombo chako cha kazi."

"Ungekuwa mtu mwingine," akamjibu. "Masanduku yale mawili yalizuia moto kwa watu." Alikaa kitandani, akamshika mguu juu ya shuka.

Aliishi wiki tatu tangu siku ile. Alikufa Jumanne mchana, binti yake akimsomea gazeti, na mashine ikinguruma bila kosa. Binti aliendelea kusoma mistari kadhaa kabla ya kujua. Mama Pindo ndiye aliyeizima.

Hospitali ilikuja kuichukua baada ya mazishi, maana kulikuwa na mwingine anayeisubiri. Mama Pindo sasa hushona dukani kwa Madamu kwa ujira wa kipande. Siku ya kwanza Madamu alimwonyesha cherehani ile ya zamani kwa heshima, akamwambia, "Kaa kwenye yako." Yeye akaomba ile ndogo ya dirishani.

Binti hakuweza kuvumilia. "Mama, wiki tatu tu! Si tungemwacha hospitali? Ungebaki na cherehani yako."

"Huenda," mama akasema. "Nimelifikiria hilo zaidi yako. Lakini kule alikuwa kitanda namba nne. Hapa alikuwa anamgombeza Kifaru."

Msibani hakulia mbele za watu, na wengine walimsema kwa hilo. Alilia mwezi wa pili baada ya mazishi, asubuhi, akijiandaa kwenda kazini. Alikuwa amewasha birika, pasi na feni kwa pamoja, bila kufikiri, na katikati ya kupiga pasi akagundua kwamba mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kumwita mumewe, kama alivyozoea kila fyuzi ilipokatika. Umeme haukuwa umekatika. Maji yalichemka, feni ikazunguka, na hapakuwa na sababu yoyote ya kumwita mtu. Alizima pasi isiunguze nguo ya mteja, akakaa sakafuni koridoni, akalia mpaka Madamu akatuma mtu kuuliza kama anaumwa.