Mtungi Uliovikwa Furungu

Shida ilianza kwetu Kisauni mwaka 1946, nami nina miaka kumi na minne. Baba alifariki, na mwaka uo huo sufuria, zilizokuwa zimeadimika wakati wa vita, zikajaa tena madukani. Vyungu vya nyanya yangu vikakosa wanunuzi. Yeye alifinyanga, mimi nilichimba udongo bondeni Mishomoroni na kuukanyaga. Kazi nyingine hatukuwa nayo. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi hata cha kutia humo gaeni tulikikosa.

Siku moja akaja Mzungu wa serikali na karani wake wa kumfasiria. Alisema ataka kuwainua mafundi wa jadi. Akaagiza mitungi ishirini ya maji kwa kambi ya vibarua Changamwe, ndani ya mwezi mmoja, ila iwe na kitako bapa isimame juu ya saruji. Ikimpendeza, tutapata kazi ya kambi zote. Isipompendeza, harudi.

"Mtungi wenye makalio!" nyanya akasema. "Ataka na leso auvishe?"

"Mama, hilo siwezi kumfasiria," karani akasema.

"Fasiri kwa adabu. Si umesoma wewe?"

Sijui karani alisema nini. Mzungu alitabasamu, akashukuru.

Tukafinyanga alivyotaka. Tulipoichoma, ikawa pa! pa! Yote ikapasuka pale kwenye pembe ya kitako. Mtungi wa mviringo moto huuzunguka. Wenye pembe, moto huuvunja. Nyanya akaketi akiyatazama magae. Siku zilibaki kumi na mbili.

Mimi nilisoma chuo cha Kurani miezi mitano tu, lakini kichwa ninacho. Nikamwambia, "Nyanya, finyanga mitungi yako ya siku zote. Mimi nitafinyanga pete nene za udongo, tuzichome mbali na mitungi. Mtungi utakalia pete."

"Wataka kuuvika mtungi furungu la mguuni! Wewe mwenyewe mume hujapata, mtungi ushapambwa!" Akacheka mpaka akafuta macho, kisha akanikatia bonge la udongo.

Mzungu alipokuja, aliusukuma mtungi kwa ncha ya kiatu. Haukuanguka. Akausukuma tena, kwa nguvu, akaumia kidole. Akaichukua yote ishirini. Baadaye karani akatuambia kuwa bwana wake amewaeleza wakubwa kwamba pete ile aliibuni yeye. Nilikasirika, wallahi.

"Mwache," nyanya akasema. "Mwambie aje aifinyange."

Kazi ya kambi ikaja, tukala tukashiba. Nilipofika miaka ishirini nilikuwa na wanawake sita wakinifanyia kazi, na wawili kati yao walikuwa wamesoma.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano, minazi kumi na minane, mbuzi wanne, cherehani, redio, kitanda cha samadari, na meno saba, yote yangu.