Nani Atamtua Issa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyopanda basi kutoka Masasi kwenda Newala kumchukua rafiki yangu Issa, aje acheze mechi ya mwisho ya timu yetu ya taifa ya raga. Sikujua kuwa ni ya mwisho. Yeye pia hakujua.

Juzi uliniuliza, huku unacheka, kama ni kweli nchi hii iliwahi kuwa na timu hiyo, na kama ni kweli mimi Myao wa Masasi niliichezea. Cheka tu. Hata sisi tulikuwa tunacheka. Tuliitwa timu ya taifa kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya kubishana nasi. Mwalimu mmoja mgeni ndiye aliyeuleta shuleni kwetu ule mpira wa umbo la yai, akatufundisha kwenye mchanga mwekundu mpaka magoti yakachubuka. Tulipomaliza shule, wengi wetu tuliajiriwa katika kiwanda kimoja cha umma Dar es Salaam, na kiwanda kikatulea: viatu, chakula cha jioni, ruhusa ya kusafiri. Tulikwenda nchi jirani tukafungwa mpaka mwandika matokeo akatuonea huruma, na bado tulirudi tukiimba. Mara moja tulitoka sare. Siku hiyo watu wazima walilia uwanjani, nami nikiwamo.

Katika raga kuna wakati mnainama, mnafungana mabega na kusukumana na wapinzani. Mbele wanakaa watatu. Yule wa katikati hutundika mikono yake kwenye mabega ya wenzake wawili, kwa hiyo hana mkono wa kujikingia. Mkianguka, ni shingo yake. Issa, Mmakonde wa Makote kule Newala, alikuwa wa katikati. Mimi nilikuwa kushoto kwake. Nilizoea kumtania kwamba babu zake walipanda mlima wakasahau maji chini, naye akinijibu kwamba Wayao wangeuuza mlima wenyewe kama ungebebeka. Nilimpenda, mwanangu, wala sioni haya kusema.

Kisha yakaja mambo ya soko huria. Kiwanda kikauzwa, watu wakapunguzwa kazi, chakula cha jioni kikakatika. Jezi tukawa tunazichambua kwenye marundo ya mitumba, kila mtu na rangi yake. Na katika safari moja ya ugenini safu yetu ya mbele ilianguka, Issa akawa chini yetu. Aliinuka, akasema hajambo. Lakini tangu siku hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa ukifa ganzi, hata vifungo vya shati nilimfunga mimi. Akarudi kwao akidai ana malaria isiyopona.

Miezi ikapita, majirani wakaomba waje kucheza kwetu. Kocha akanituma. "Kamlete Issa," alisema. "Bila mtu wa katikati hatuna timu."

Nilifika Makote msimu wa korosho. Wanunuzi binafsi walikuwa wametundika mizani zao kando ya barabara, kila mmoja akiita watu kwake, na wazee wamekaa juu ya magunia hawajui wamwamini nani. Nikakutana na Mama Issa akishuka bondeni kuchota maji, kwa kuwa pampu ilikuwa imekufa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaona aibu kumwacha ashuke peke yake nami nina miguu. Nikamfuata.

Kule chini niliona desturi ambayo sisi wa Masasi hatukuwa nayo. Akina mama walikwenda wawili wawili. Ndoo zikijaa, mwenye nguvu zaidi alimtwika mwenzake, kisha yeye akajitwika kutoka juu ya jiwe, akapanda nyuma yake mlima wote. Wakifika, alishusha ya kwake kwenye kisiki, ndipo akamtua mwenzake. Aliyekutwika ndiye anayekutua. Kumtwika mtu kisha ukamwacha njiani kulihesabiwa ni tusi.

Basi nikamtwika Mama Issa, nikashika njia nyuma yake. Tulipofika katikati ya mlima alisema bila kugeuka, "Rashidi, umekuja kumtwika mwanangu."

"Nchi inamhitaji, mama."

"Haya. Na nani atamtua? Nchi?"

Kiwanda hakikuwapo, na kocha mwenyewe siku hizo alikuwa anauza vipuri vya baiskeli ili watoto wake wale. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na shingo ya Issa nilikuwa nimeibeba hivyo hivyo, kama usufi, tangu Dar es Salaam mpaka pale.

Tulipofika nikamtua mama ndoo yake. Issa alikuwa amesimama mlangoni, ameshafunga begi. Watoto walikuwa wamempelekea habari. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Nilijua hamtanisahau," alisema, akainua begi kwa mkono wa kushoto.

Ule mkono wa kushoto ndio ulionitisha. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi nimekuja kukujulia hali tu. Wamepata mwingine."

Aliliweka begi chini polepole. Hakuniuliza huyo mwingine ni nani. Mama yake alikuwa anafunika mtungi, akanitazama.

Wageni walikuja. Katikati tulimweka kijana aliyejifunza wiki ile, na mwamuzi alipomwona akatukataza kabisa kufungana mabega. Tukacheza hivyo hivyo, mechi isiyo na uti wa mgongo, na watazamaji wakaondoka kabla haijaisha. Hatukuitwa tena. Uwanja wetu wa mazoezi uligeuzwa yadi ya magari yaliyotumika kutoka ng'ambo. Hakuna aliyeivunja timu ile, mwanangu. Ilisahauliwa tu, siku baada ya siku, mpaka tulipokutana mitaani tukawa tunaulizana habari za kazi badala ya mazoezi.

Njia ya mwongo fupi. Mwenzetu mmoja alikuja Newala kununua korosho, akamsimulia Issa kwamba hapakuwa na mwingine yeyote, kwamba ni yeye aliyesubiriwa. Nilipokwenda kumwona aliitikia salamu yangu, akaingia ndani. Aliyetoka ni mama yake.

"Nilikuuliza nani atamtua," alisema. "Sikukutuma umwambie hatakiwi."

"Nilitaka kumlinda, mama."

"Ungemwambia unaogopa. Angekasirika, mngegombana, kisha angekaa nyumbani kwa akili yake mwenyewe. Sasa hata kukataa umemnyang'anya."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Issa aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alioa, akazaa, akahudumia mikorosho yake kwa mkono mmoja na nusu. Tulikutana sokoni, harusini, misibani, naye aliitikia salamu zangu, basi. Wanawe wameniambia hawakuwahi kumsikia akitamka neno raga.

Mwaka huu, mikorosho ilipoanza kutoa maua, nikaletewa habari kwamba amefariki. Nilikwenda. Vijana walitaka kuniondoa kwenye jeneza kwa ajili ya umri wangu, nikawakatalia. Nilishika mbele, upande wa kushoto, yeye katikati. Wengine walipokezana njiani. Mimi sikumpa mtu nafasi yangu. Tulipofika kaburini niliinama pamoja na wenzangu, nikamtua. Nilikuwa nimechelewa mno. Maiti hajui nani amemtua.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kabla hujamwita mwenzako katika jambo zito, iwe mpira, biashara au siasa, jiulize kama utapanda naye mlima mpaka mwisho. Kama huwezi, mwambie kwa mdomo wako, akiwa anakutazama, wala usimsitiri kwa uongo. Hasira ya rafiki hupoa, lakini aliyeambiwa hatakiwi hulala na neno hilo maisha yake yote. Na siku utakapoitwa wewe, hata kama anayeita ni nchi, muulize nani atakuwa nyuma yako, na ungoje jibu.

Mwenyezi Mungu akupe mabega, mwanangu, na akupe watu wa kufungana nao. Na siku utakapochoka, akutue yule aliyekutwika, ukiwa bado una macho ya kumwona.