Viungo Vyote Nilivielewa

Mimi niliyefaulu baiolojia nimekunywa nisichokijua, tena vijiko viwili vilivyojaa. Jumamosi iliyopita sisi tuliooa wa mtaa wetu hapa Ifakara tulicheza mpira na makapera. Mimi ni mtu wa kushinda nyumbani, na mke wangu alishanionya: "Baba Rehema, ukitolewa mapema tena, usiseme mimi ni mkeo."

Wenzangu walilamba glukosi. Nikawadharau, sukari tupu! Kabatini kwetu nilikuta pakiti ya unga iliyochanika juu, lakini viungo vyake vinasomeka: kalsiamu ya mifupa, fosforasi ya misuli, chumvi ya kurudisha jasho. Nikakoroga kwenye uji, nikanywa, kisha nikaibeba pakiti uwanjani niwafundishe wenzangu.

Kabla ya mapumziko kiu ilinitoa mchezoni, nikainamia ndoo ya maji huku mke wangu akinipepea kwa kanga, maskini. Jirani yetu Mama Kulwa, mfugaji, akaitambua pakiti aliyomwachia mke wangu amtunzie. Akapaza sauti, uwanja mzima ukasikia:

"Baba Rehema, hiyo ni ya ng'ombe wangu anayenyonyesha! Basi jioni njoo nikukamue."